Jina la Mke Wangu Katika Mbio ya Nne

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu na kunipa mke mwema kwa miaka mingi. Sifa zimrudie Yeye kwanza, kabla sijasema lililonikasirisha.

Kila mwaka mtaa wetu wa Aston, huku ughaibuni, hukodi mabasi kwenda kwenye mbio za farasi za kuchangia hospisi, nyumba ya wagonjwa wasiopona, ile iliyomtunza mke wangu hadi mwisho. Kanisa letu huwekewa meza karibu na uzio, nasi huuza chai ya maziwa na mandazi. Watu hubeti, mimi hubaki na birika langu. Nimelivumilia hilo kwa ajili ya wale wauguzi.

Mwaka huu mwanamume mmoja alikuja mezani akicheka, kijitabu cha mbio mkononi. Akasema huyu mama wa mbio ya nne lazima amletee bahati, maana farasi wa mbio za kwanza wamemkausha mfuko. Akanionyesha. Juu ya orodha ya farasi palikuwa na jina la mke wangu, kamili, kwa herufi kubwa.

Niliweka birika chini. Mwanamke huyu alikataa hata kununua tiketi ya bahati nasibu ya kanisani. Sasa watu wapange foleni kwenye dirisha la kamari wakimtaja, na wakishindwa wamlaani?

Nikamwendea bibi wa hospisi aliyesimamia siku hiyo. Alinieleza kwa upole kwamba ni desturi yao, marehemu hupewa mbio kwa heshima, na familia ndiyo iliyoomba.

"Familia ni mimi," nikamwambia.

Akamtazama mwanangu, mtu mzima mwenye watoto, aliyekuwa amenifuata. Mwanangu alianza kujitetea kwa Kiingereza, kisha akaona uso wangu.

"Mama alipenda farasi, Baba."

"Alipenda farasi. Kamari hakupenda. Na mimi hukuniuliza."

Yule bibi akaenda kwa mtangazaji, na kwenye spika ikatajwa mbio ya nne tu, bila jina lake. Lakini vijitabu vilikwisha kugawiwa. Jioni vilikuwa vimetapakaa kwenye matope, watu wakilikanyaga jina lile wakielekea kwenye mabasi. Niliinama kuviokota. Mwanangu akaanza upande wa pili, bila kuambiwa, mpaka dereva akapiga honi.

Hasira yangu haijaisha, na nimemwambia hivyo. Mwakani, Mungu akipenda, nitapeleka chai, lakini kijitabu nitakisoma kabla hakijachapishwa.

Nawe unayesoma haya, Mungu akutunzie wapendwa wako walio hai, na waliotangulia wakumbukwe kwa namna ambayo wao wenyewe wangeiridhia.