Pasaka ya Mgiriki

Karatu tulikuwa na Pasaka mbili, na ya pili ilikuwa ya Mgiriki mwenye mgahawa nilimopika tangu usichana wangu. Kanisa lake linahesabu siku kivyake, kwa hiyo mara nyingi sisi tulishamaliza sikukuu yeye bado yuko kwenye mfungo. Siku yake ikifika, magari ya watalii wanaokwenda kreta kuona wanyama yaliambiwa yapite tu. Alichoma mbuzi wazima uani, mtaa mzima ukala: madereva, wauza mboga, hata aliyeingia kuuliza njia ya Mang'ola.

Miaka mingine kalenda zilikutana, naye akanuna. Alisema watu walioshiba pilau kwao hawawezi kumla mbuzi wake kwa heshima, akaisogeza karamu hadi Jumapili iliyofuata. Padri wake wa Arusha alimkemea. Mimi nilimwambia huo ni ukaidi mtupu. Akanipa kisu ninoe.

Mwaka huu ni wa kwanza tangu tumzike, mgahawa naendesha mimi, na kalenda zimekutana. Nilikula Pasaka nyumbani, nikajua ya kwake imeishia kaburini.

Jumapili iliyofuata nilitoka ibadani nikapitia mgahawani kuchukua mwavuli. Uani nilikuta watu wamejaa, kila mmoja na sahani yake mapajani. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye uzio. Sikuwa nimemwalika yeyote.

"Mama, mbona umechelewa kuwasha moto?" muuza mboga mmoja akaniuliza, amekunja uso.

Nilivua koti langu la kanisani.