Picha ya Jeneza Niliyompiga Mama Akiwa Hai

Mama yangu alitoa sharti moja: hakanyagi hospitali mpaka apigwe picha ya kuwekwa juu ya jeneza lake.

Alisema hivyo huku anakata kucha za miguu, wala hakuinua uso.

"Mama, unaenda kufanyiwa upasuaji, siyo kuzikwa," dada yangu mkubwa akamwambia.

"Kwani wanaozikwa huwa wanatokea wapi?"

Akahamia mguu wa pili.

"Na isiwe kama ile ya kitambulisho," akaendelea. "Ile ikiwekwa juu ya jeneza, watu watadhani nilikuwa natafutwa na polisi."

Wote wakanigeukia mimi.

Katika ukoo mzima, mwenye kamera nilikuwa mimi. Mchana mimi ni dobi. Jioni, nikishazima pasi, nilikuwa nasoma upigaji picha kwenye darasa la watu wazima. Nina wajukuu, na bado nilikuwa nakaa dawati la mbele na kunyoosha mkono.

Tatizo ni kwamba sianzi jambo bila kuomba. Nikifua naomba, nikipiga pasi naomba. Kwa hiyo kabla ya kila picha nilifumba macho, nikaomba, halafu nikabonyeza palepale kwenye "Amina".

Na nikisema Amina, kichwa kinashuka. Kichwa kikishuka, mikono inafuata.

Picha zangu zote zilitoka zimetikisika. Nyumba zilionekana zimelewa. Paka wa jirani alitoka na mikia mingi kama ufagio.

Darasani wakanibatiza Mama Amina, ingawa sina mtoto wa jina hilo.

Cha ajabu, mwalimu alizipenda. Binti mdogo tu, umri wa kitindamimba wangu, lakini akianza kusema unasahau kuhema.

"Picha si lazima ionyeshe kitu kilivyo," alituambia. "Inaweza kuonyesha kilivyokuumiza. Wachoraji wamepaka uso wa mtu rangi ya kijani na hakuna aliyewashitaki. Kwa nini kamera inyimwe uhuru huo?"

Nyuma yangu alikaa baba mmoja tuliyemwita Bwana Ajali. Kazi yake ilikuwa kupiga picha magari yaliyogongana, kwa ajili ya kampuni ya bima.

"Mwalimu, mimi nikipeleka gari la kijani wakati lilikuwa jeupe, nafukuzwa kazi," akasema. "Kamera ni shahidi. Shahidi haimbi, anaeleza alichoona."

"Na anayelia kizimbani je, si shahidi?"

"Huyo anapewa maji kwanza."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka sana. Nilitaka kujua: picha zangu ni sanaa, au ni mkono mbovu?

Nilipowaeleza habari ya mama, Bwana Ajali akaniazima stendi yake ya miguu mitatu, na rimoti ndogo ya kupigia picha bila kuigusa kamera.

"Kama huwezi kuacha kuitikia Amina," akasema, "basi angalau kamera isiitikie."

Jumapili mchana nikamkuta mama chumbani, amekaa kwenye kiti, gauni la bluu, uso umepakwa mafuta mpaka unang'aa. Nyuma yake pazia la maua limefungwa, maana mwanga ulikuwa unamuumiza macho. Kwa giza lile, ilibidi kamera ikae na jicho wazi muda mrefu kidogo.

Nikakaza stendi.

"Mama, utulie kabisa."

"Nafanya mazoezi ya jeneza. Piga. Na iwe moja tu, mimi si bibi harusi."

Nikashika rimoti, nikafumba macho.

"Haya, ameanza," akasema.

Mjue kwamba mama alikuwa haombi. Tangu tumzike baba, alisema yeye na Mungu hawasalimiani. Nikimwambia twende kwenye ibada, ananijibu, "Mwambie nyumbani kwangu anapajua." Miaka yote hiyo nilikuwa naomba wasalimiane.

Nikaomba kwa sauti. Madaktari waongozwe mikono. Mama arudi nyumbani. Hapo sauti ikanikwama. Nikamalizia Amina, nikabonyeza.

Nilipofumbua macho, mama alikuwa ametulia kama kabati.

Lakini picha! Pale panapotakiwa kuwa na uso palikuwa na moshi. Macho manne, mdomo umeyeyuka, na mikono kama njiwa wawili wanaogombana.

"Umempiga mama au mzimu wake?" dada akafoka. "Watu watatoka mbio msibani!"

Mama aliitazama muda mrefu, akageuza uso.

"Kurudia sirudii. Na hospitali siendi."

Upasuaji ulikuwa keshokutwa.

Kesho yake jioni nikaipeleka darasani, machozi yananilenga. Mwalimu akasimama kabisa.

"Hii si picha ya uso," akasema. "Hii ni hofu yenyewe. Hii ni sanaa."

"Mwalimu, hii ni mkono wangu mbovu."

Bwana Ajali akaomba aione kwenye kompyuta. Akaikuza. Nikajiandaa kuchekwa.

"Mama Amina, hebu tazama pazia."

Maua ya pazia yalionekana mpaka uzi. Miguu ya kiti, safi.

"Gari likigongwa, naangalia kwanza kilichobaki kimesimama," akasema. "Kamera haikusogea. Wewe umesamehewa. Aliyesogea ni mama yako. Kichwa kimeshuka, kikapanda. Mikono ilikuwa imeachana, ikakutana."

Akanigeukia.

"Sasa mtu anayeinamisha kichwa na kukutanisha mikono, huwa anafanya nini?"

Nikabeba begi langu. Hata kuaga sikuaga, nikaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama, ulitikisa kichwa."

"Nzi huyo."

"Na mikono?"

"Nilikuwa namuua."

Nikamwekea picha mapajani. Safari hii hakugeuza uso.

"Ulisema nirudi nyumbani, sauti ikakukwama," akasema polepole. "Ukabaki umefumba macho kama mtoto anayesubiri peremende. Nikasema potelea mbali, nisimwache peke yake. Nikaitikia. Mara moja tu! Usiende kunitangaza."

"Sasa mbona unakataa kwenda?"

"Kwa sababu niliiona hii. Sikujua kama naogopa kiasi hicho."

Akaipangusa picha kwa kiganja.

"Haya, nimeshaonekana, nitaficha nini tena? Niletee begi. Na iwekwe picha hiihii. Watakaokimbia msibani wakimbie, chakula kitawatosha watakaobaki."

Asubuhi akaenda. Na alirudi nyumbani, mdomo uleule.

Picha iko sebuleni, jeneza bado halijatengenezwa. Mgeni akiuliza ni nani yule, mama hujibu, "Ni mimi, nilikuwa na mazungumzo."

Bwana Ajali anasema ile picha ni ushahidi. Mwalimu anasema ni sanaa. Wanabishana mpaka leo, na mimi siwaamui, kwa sababu kila mmoja akisema naona kama ananisomea sala yangu.

Ila jambo moja nawaachia. Nilimwomba Mungu miaka yote anionyeshe mama akiomba. Siku alipoomba, mbele yangu kabisa, mimi nilikuwa nimefumba macho. Aliyeona ni kamera ya dobi.

Bado naomba kabla ya kila picha. Siku hizi naomba huku naangalia.