Mechi ya Nyumbani Iliyochezwa Ugenini

Neno linaloniudhi kuliko yote katika mpira ni bahati. Timu ikifungwa, kocha anasema redioni kwamba haikuwa bahati yetu, nahodha anarudia, na wanachama kwenye kundi letu la WhatsApp wanaweka picha za mikono ya kuomba, kisha wanaenda kulala. Mimi nilikuwa silali. Nilitaka kujua kwa nini beki wetu wa kushoto alikuwa mbele ya kiungo wake wakati mpira unapotea.

Timu yangu ni ndogo. Inatoka mji wa baridi kusini mwa Tanzania, mji ambao watu wa Dar wanaujua kwa viazi na mbao. Ilipanda ligi kuu nikiwa sekondari, na tangu hapo kazi yake imekuwa kutoshuka. Kila msimu tunasajili wachezaji walioachwa na timu kubwa, tunawarudishia miguu yao, halafu dirisha dogo la usajili likifunguliwa timu zilezile zinakuja kuwachukua. Sisi ni gereji ya magari ya watu.

Miaka ile nilikuwa Dubai, kwenye ghala la vipuri vya magari Ras Al Khor. Kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi ya pedi za breki kwenye rafu. Niliifanya kama ninavyofanya kila kitu, kwa wasiwasi. Boksi likikaa upande niliona kama limenitukana. Uchambuzi wa mpira nao niliufanya hivyohivyo. Sijawahi kucheza mpira wa maana. Shuleni nilikuwa nalinda nguo za wenzangu pembeni mwa uwanja. Nilijifunza mwenyewe, kwa video za makocha wa Ulaya ambazo nilizirudisha nyuma mpaka macho yakauma. Kabla ya kutuma sauti kwenye kundi nilikuwa nairekodi, naisikiliza, naifuta, narekodi tena. Kikohozi kimoja tu kilitosha kunifanya nianze upya.

Na mechi zenyewe sikuziona. Timu yetu haikuonyeshwa kwenye televisheni isipokuwa ikicheza na wakubwa, kwa hiyo nilisikiliza redio ya mkoa kupitia simu. Msimu mzima niliamini winga wetu mwenye mbio anacheza kulia. Nikaandika uchambuzi mrefu kuhusu upande wa kulia, nikashauri beki wa kulia apande naye. Kumbe mtangazaji anaposema "kulia" anamaanisha mkono wake mwenyewe, pale alipokaa jukwaani nyuma ya goli, timu ikimjia usoni. Timu nzima nilikuwa nayo kichwani kama kwenye kioo. Kundi lilicheka wiki nzima. "Mchambuzi wetu wa Dubai," waliandika, "leo tunashambulia kwenda wapi?"

Aliyenitetea alikuwa mjomba, kaka yake mama. Ndiye katibu wa klabu na ndiye aliyelifungua kundi lile. Aliwaambia, "Mwacheni mpwa wangu. Nyie mlio hapa uwanjani mmewahi kuandika nini?" Baada ya hapo nilichambua kwa bidii zaidi, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kutomwaibisha.

Nilichokuja kugundua, na sikukosea, ni kwamba nguvu yetu haikuwa kocha wala mshambuliaji. Ilikuwa uwanja. Uwanja wetu ni mbovu. Umeinama kuelekea sokoni, nyasi zimeota kwa mafungu, na mchana ukikaribia kuisha upepo unashuka mlimani na kuukata uwanja. Nahodha wetu akishinda shilingi alikuwa anachagua kipindi cha kwanza kucheza kupanda, dhidi ya upepo. Tunateseka, tunajazana nyuma, wageni wanachoka kwa ile hewa nyembamba ya mlimani. Kipindi cha pili tunateremka pamoja na upepo. Mshambuliaji wetu mrefu, ambaye kwingine anaonekana kama nguzo ya umeme, pale nyumbani alikuwa hatari, maana mpira ukidunda kwenye mafungu ya nyasi unapanda juu, na juu ndiko alikokuwa anaishi. Ubovu ule ulikuwa beki wetu wa tano.

Msimu ninaousimulia ulifika mwisho tukihitaji sare. Mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya timu kubwa ya Dar. Sare tunabaki, kufungwa tunashuka. Nilikuwa nimeshatuma uchambuzi kuhusu jinsi ya kuwafungia katikati. Kisha mtu akaandika kwenye kundi kwamba mechi imehamishwa.

Wanaofuata ligi yetu wanajua mchezo huu. Timu ndogo ikitembelewa na kubwa, viongozi wake wanaomba mechi ya nyumbani ipelekwe kwenye jiji lenye uwanja mpana, ili mashabiki wa timu kubwa wajae na mapato ya mlangoni yawe mazuri. Kwenye karatasi unabaki mwenyeji. Uwanjani unazomewa.

Simu za WhatsApp Dubai hazipiti, kwa hiyo mjomba na mimi tuligombana kwa kutumiana sauti. Kwa mara ya kwanza sikurekodi mara mbili.

"Shikamoo mjomba. Nasikia mnaihamisha mechi. Niambie ni uongo."

"Marahaba mpwa wangu. Si uongo. Kamati imekaa, imekubali."

"Mjomba, tunahitaji sare tu! Pale nyumbani sare tunaipata hata tukiwa pungufu."

"Pale nyumbani nusu ya watu wanatazama juu ya mapaa ya maduka, hawalipi. Vijana hawajalipwa. Mama anayepika kambini amegoma. Wewe unayekula biriani huko, unadhani huku timu inakula uchambuzi?"

"Tukishuka watakula nini?"

"Hatushuki. Tutapambana."

Hilo ndilo neno la pili ninalolichukia. Nilimwambia kupambana si mfumo wa kucheza.

Niliyekuwa nashiriki naye kitanda cha ghorofa, yeye chini mimi juu, alikuwa Mkenya, mlinzi wa maghala kule Jebel Ali. Alikuwa anapiga pasi sare yake na alisikia yote.

"Msee, huyo ni mjomba wako ama ni mwizi umemshika?"

"Wameuza mechi ya nyumbani."

"Timu yenyewe ni ya kuombewa. Si uhamie timu ingine tu?"

"Timu haihamwi kama kitanda."

"Sawa, bana. Lakini mimi kampuni ikikalia mshahara wangu, hata geti sifungui. Hao vijana wenu wanafungua geti bure."

Nilimwambia anyamaze, hajui mpira. Nilikasirika zaidi kwa sababu nilijua ana hoja. Lakini hoja ya njaa ilikuwa ya mwaka mzima. Kwa nini iliibuka wiki ileile ya kucheza na timu tajiri?

Siku ya mechi nilikuwa kazini. Nilificha kisikilizio kimoja chini ya kofia, waya nikaupitisha ndani ya shati. Kabla mpira haujaanza nilisikia uwanja ukiimba, na haukuwa wimbo wetu. Nahodha akashinda shilingi, akachagua upande kwa mazoea tu, kwenye uwanja usio na mteremko wala upepo. Nilitaka kupiga kelele. Mpira ulikuwa unateleza kwenye zile nyasi za kukatwa kwa mashine, pasi zao zinapita chini, na mrefu wetu anainama kama mtu anayetafuta sarafu. Jasho ambalo wageni hulimwaga kwetu, siku ile tulilimwaga sisi. Goli la kwanza likaja kabla ya mapumziko, pale katikati ambapo nilikuwa nimesema pafungwe. La pili golikipa wetu, kijana wa mjini kwetu, alitoka, akasita, akarudi nusu. Mpira ukampita kichwani.

"Haikuwa bahati yetu leo, wasikilizaji," akasema mtangazaji.

Nilipiga teke boksi. Pedi za breki zikamwagika sakafuni na msimamizi akatokea mwisho wa safu. "Yalla, habibi! Nini shida?" Kiswahili chake kiliishia hapo, alikiokota kwetu wafanyakazi. Nikamwambia hakuna shida, sir. Nikapiga magoti kuokota, nikayapanga maboksi yale vibaya, nikayaacha hivyohivyo.

Tulishuka.

Siku chache baadaye mjomba alinitumia sauti ya peke yangu. Alikuwa mpole kupita kawaida.

"Mpwa wangu, Jumapili kuna mkutano wa wanachama. Watu wamechemka. Andika ule uchambuzi wako mzuri niusome pale, wewe wanakuamini sasa. Waeleze kuhusu golikipa. Goli la pili ni lake, si ndiyo?"

Ni kweli lilikuwa lake. Ndicho kilichoniumiza. Ningeweza kuandika kurasa kuhusu namna alivyosita, na kila sentensi ingekuwa sahihi. Mimi napenda usahihi kama wengine wanavyopenda kusifiwa, na wakati ule nilipenda vyote viwili. Na yule kijana angerudi mtaani kwao akiwa ndiye aliyeishusha timu, imethibitishwa na mchambuzi wa Dubai.

Nikaandika, lakini si kwa mjomba. Niliandika kwenye kundi, mchana, nimekaa juu ya pipa la mafuta nyuma ya ghala kwenye joto la kuchoma. Niliandika kwamba golikipa alikosea, ndiyo, na beki wa kati alikosea, na nahodha alichagua upande kama aliyelala. Kisha nikaandika kwamba timu inayojengwa kwa mteremko, upepo na nyasi mbovu haiwezi kupelekwa kwenye zulia halafu ikalaumiwa kwa kuteleza. Tulishuka ndani ya chumba cha kamati, kabla wachezaji hawajapanda basi. Nikataja cheo cha katibu. Sikurudia kusoma. Nilituma na makosa yake ya herufi.

Watu walianza kuandika mmoja baada ya mwingine; nikaona majibu mawili matatu yakiniunga mkono. Halafu ukaja ule mstari mdogo wa kijivu, kwamba nimeondolewa. Aliyenitoa ni mjomba.

Mama alinipigia kwa simu ya kawaida, ya gharama, kunieleza kwamba nimemvua nguo kaka yake mbele ya watu. Nikamwambia mjomba ndiye aliyeivua timu. Akakata.

Mjomba mwenyewe alinitafuta karibu na kuanza kwa ligi daraja la kwanza, akatuma sauti fupi, bila salamu.

"Haya, wewe unayejua kila kitu. Mrefu ameondoka, winga ameondoka. Tumsajili nani?"

"Shikamoo mjomba," nilijibu. "Msimsajili mtu. Kwanza andikeni kwenye katiba ya klabu kwamba mechi ya nyumbani inachezwa nyumbani. Mkishaandika, nitakutajia majina usiku na mchana."

Alama mbili ziligeuka bluu. Aliisikiliza. Nilimwona akianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Golikipa amebaki langoni, hilo nalijua kwa redio. Katiba haijaguswa.