Fungu la Nsia kwenye friza

Bado sijakubali. Asubuhi nimeingia lab, nikaona koti jeupe la Nsia kwenye msumari wake, nikalisalimia. Jamani, nimelisalimia koti.

Juzi tumemzika kwao Akheri, karibu na migomba ya mama yake. Ninyi mliomfahamu hapa mtandaoni kwa picha zake za maua mnaniuliza alikuwa anafanya kazi gani. Ngoja niwaambie.

Tulikuwa pamoja kwenye utafiti wa malaria hapa Arusha. Chembe nyekundu ya damu ina protini iitwayo kipokezi. Kimelea cha malaria hukishika hicho kwanza, ndipo kiingie ndani. Nsia alikiita mlango.

Protini tunayotumia haitoki kwenye damu ya mtu. Inatengenezwa maabara za nje kwa kufuata maelekezo ya vinasaba vya binadamu, inatufikia ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa. "Tumeagiza mlango bila nyumba," alikuwa anasema, anacheka peke yake.

Mara ya kwanza Eli, mwenzetu aliyekuwa mgeni kazini, alikiinua kichupa dirishani.

"Dada Nsia, tumepigwa! Hamna kitu humu!"

"Wee Eli! Weka chini taratibu. Na usipige chafya, utatufukuzisha kazi."

Unga ule ni kidogo kama ukungu kwenye kioo. Nsia alikizungusha kichupa kwenye mashine ili ushuke wote chini, ndipo akafungua. Eli tunamwita Hamna Kitu mpaka leo.

Protini hiyo ukiigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara inaharibika. Kwa hiyo Nsia aliichanganya na maji maalumu, akaigawa mapema kwenye vichupa vidogo vya kugandishwa, kila kimoja cha kutumika mara moja. Mkono wake ulikuwa mtulivu ajabu. Halafu aliandika majina: fungu la Eli, fungu la bosi, fungu langu. Kama nyama ya mbuzi kwao sikukuu.

"Na mtu akiwa hayupo?" nilimuuliza.

"Kwetu fungu la asiyekuwepo haliliwi, dada. Linapelekwa alipo."

Alipolazwa, kila nikienda na uji aliniuliza swali moja: je, damu tulizochukua kwa watoto wa kule tambarare, kwenye malaria nyingi, zina kinga ya kuuziba ule mlango?

"Tunakusubiri upone upime mwenyewe," nilimwambia.

"Msinisubiri. Mimi nataka jibu, sitaki heshima."

Leo kwenye friza kilikuwa kimebaki kichupa kimoja. Kimeandikwa Nsia, kwa ule mwandiko wake wa kulala.

Bosi akasema tukiache, kiwe kumbukumbu. Hata mimi nilitaka hivyo. Eli ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Lakini fungu linapelekwa."

Tukaliyeyusha taratibu juu ya barafu, lisiharibike. Mimi nikashika pipeti yake ya kunyonyea matone. Nikalitia kwenye vishimo vya sahani ya kupimia pamoja na kipande cha kimelea, na kwenye vingi damu za watoto pia: kimelea kikiushika mlango kishimo hugeuka njano, mlango ukizibwa hubaki cheupe.

Nsia, sikiliza. Vile vishimo vya kulinganishia, visivyo na damu ya watoto, vimegeuka njano safi. Protini yako ilikuwa nzima kabisa, uliigawa vizuri. Na kwenye damu za watoto, vishimo vingi vimebaki vyeupe. Mlango umezibwa, dada. Wanayo kinga. Eli amelia mpaka miwani imeingia ukungu.

Nimeandika hapa kwa sababu sijui pengine pa kukuletea.

Fungu lako hilo. Sasa lala, Nsia wangu, lala salama.