Kijiko Nilichokisimamisha

Shule zilikuwa zimefungwa na sikuwa na wa kumwachia mtoto, basi nikaenda naye kazini, kinyume cha sheria ya kampuni. Waliotunga sheria hiyo wana yaya. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na siku hiyo zamu yangu ilikuwa Kilburn, hapa hapa London, kwa bibi wa Kikorea anayekaribia miaka tisini, anayeishi peke yake.

Ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha baba yake. Kila mwaka huwaandalia marehemu wake meza: matunda, samaki, na bakuli la wali. Mwaka uliotangulia nilikuta keshapanga, nikaona tu kijiko kimesimamishwa katikati ya wali, ili marehemu ale. Sasa mikono yake inatetemeka. Nikamwambia, "Kaa, Bibi, nitapanga mimi." Ukutani kulikuwa na picha tatu: baba, mama, kaka. Nikapakua mabakuli matatu, nikasimamisha vijiko vitatu.

Mwanangu alikuwa kwenye kochi na kazi ya shule: eleza sababu za vita vya Korea. Aliandika mstari mmoja, Kaskazini waliivamia Kusini, akalifunga daftari.

Bibi alipoiona meza alipiga ukelele. "Nani kakwambia kaka yangu amekufa?"

Nikabaki na mwiko mkononi kama mwizi.

Familia ilipohamia Kusini, kaka huyo alibaki Kaskazini kumtunza babu yao mgonjwa. Angewafuata baada ya wiki mbili. Njia zikafungwa. Tangu hapo hakuna barua, hakuna simu, na bibi hathubutu hata kumlilia, maana hajui kama amekufa.

"Lakini si mlivamiwa?" mwanangu akadakia kwa Kiingereza chake cha Tottenham. "Mwalimu kasema."

"Tulivamiwa. Andika, ni kweli. Ila isiwe sababu ya kwanza. Kwanza Mjapani alitutawala. Aliposhindwa, Mmarekani na Mrusi wakachora mstari kwenye ramani: huku wako, huku wangu. Kila upande ukapata mkubwa wake, na kila mkubwa akadai nchi nzima ni yake. Sisi hatukuulizwa."

Hatukuulizwa! Hapo hasira zikanipanda, na hazijashuka mpaka leo. Mimi nimeishia kidato cha nne. Vita hivyo tulivikariri, nikapata maksi zangu, nikavisahau. Kumbe watu wazima waligawana familia za watu kama nyama ya mgao, kisha wakarudi kwa wake zao. Na mimi, mjinga, nikaja kuwamalizia kazi kwa kijiko.

"Nisamehe, Bibi. Niumwage huu wali?"

"Umwage wali wa mtu aliye hai? Una wazimu?"

Akakichomoa kijiko mwenyewe, akalifunika bakuli, akamtuma mwanangu alete blanketi la kitandani. Wakaliviringisha bakuli ndani yake wawili hao, wakaliweka karibu na hita. Ndivyo mama yake alivyomtunzia chakula yeyote aliyechelewa kurudi.

"Mpaka saa ngapi?" mwanangu akauliza.

"Wewe andika," bibi akamwambia.