Pole ya Nini?

Ukitaka kumwona yule mzee wa Njiro amefura, mpe pole. Manpreet, mwenye gereji ya Levolosi, alishakanywa mara nyingi, lakini akimwona anavyoburuta mguu wa kushoto neno linamtoka lenyewe. "Pole ya nini? Nimefiwa?" mzee hufoka, akigonga ufunguo kwenye tangi la pikipiki yake kubwa ya safari ndefu. Ilimwangukia kwenye mataa, mguu ule uliposhindwa kuishikilia, na sasa alikuja kuchagua seti ya kuifanya iwe ya magurudumu matatu. Kila seti aliitia kasoro. Hii pana mno, ile ina boksi nyuma. "Unataka nikabebe matofali Nduruma? Hilo ni guta!" Mikono yake, yenye makovu ya kuunguzwa na ekzosi, ilipapasa kila boliti kama inayotafuta ugomvi. Mwishowe alichukua seti nyembamba kuliko zote, huku akiitukana.

Ilipokwisha kufungwa akaijaribu barabarani, akarudi, akaisimamisha mbele ya Manpreet. Mguu wa kushoto ukashuka wenyewe, ukikakamaa na kutetemeka, ukakanyaga chini kuishikilia pikipiki.

"Mzee, hiyo haianguki tena," Manpreet alimwambia taratibu. "Pandisha tu mguu. Hauhitajiki."

Mzee akautazama mguu wake. Hakuupandisha. Kidevu kikaanza kumcheza.

"Na leo je?" akafoka. "Leo ndiyo umesahau kunipa pole?"