Siku Saba za Kuinama

"Jicho lako ni refu," daktari aliniambia, nami nikadhani ananitania. Kumbe hakutania. Wenye miwani minene kama yangu, jicho hurefuka kwenda nyuma, na pazia lake la ndani, retina, huvutika mpaka liwe jembamba. Langu lilikuwa limetoboka katikati. Ndiyo maana kwa miezi miwili kila niliyemtazama alikuwa hana pua. Jicho la kulia lilishazimika miaka mingi nyuma, kwa uzembe wangu. Hilo la kushoto ndilo pekee lililobaki, nami ni fundi cherehani.

Niliogopa, lakini mie nikiogopa huuliza maswali. Tundu mnaliziba na nini? "Gesi," akasema. Wanatoa ute wa ndani ya jicho, wanabandua kiganda chembamba kinachovuta kingo za tundu, kisha wanajaza gesi. Gesi hupanda juu siku zote. Kwa hiyo mgonjwa akiinama, inaelea mpaka nyuma ya jicho na kulikandamiza tundu hadi kingo zikutane. Kiganda chenyewe hakionekani, wanakipaka rangi ya bluu kwanza. Hapo nilielewa mara moja, maana hata mie sikati kitambaa bila chaki.

Walinichoma ganzi tu, sikulala. Niliona kivuli cha kibanio kikiingia ndani ya jicho langu mwenyewe, kikanyofoa kitu, kikarudi tena. Nikashindwa kuvumilia, nikauliza ncha yake ina unene gani.

"Mama, ukiongea kichwa kinatikisika," daktari akasema.

Nyumbani Kiwalani niliinama siku saba, paji la uso juu ya mto, hata chooni nikienda nimeinama. Nilikuwa naona ukungu unaocheza tu. Majirani waliokuja kunijulia hali niliwatambua kwa milio ya kandambili. Nilipowaambia kwamba nimekatazwa kupanda ndege, maana huko juu gesi inatanuka, mmoja alicheka sana. "We shoga, ndege si unazisikiaga tu zikipita juu ya bati?"

Siku ya nne akaja mama mkubwa kutoka Lindi, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nikamwamkia shikamoo huku nimeelekeza uso sakafuni.

"Marahaba. Inua uso basi mwanangu, nikuone."

Nikamweleza habari ya gesi. Shingo yangu yenyewe ilitaka kuinuka. Amesafiri kutwa nzima, halafu nimpe kisogo? Na nikiinuka, je, kama ndiyo kwanza kingo zilikuwa zinakutana? Nikaanza kulia.

Nikasikia mkeka unakunjuliwa, kisha magoti yake yakilia. Alijilaza chali, akajisogeza mpaka kichwa chake kikawa chini ya uso wangu.

"Haya. Unaniona?"

"Nakuona, mama," nikadanganya. Niliona ukungu tu. Alilala pale kila siku, akinipa habari za Lindi: nani kaoa, nani kaachika, korosho za nani zimeibiwa.

Gesi ilipungua taratibu, ikawa mstari unaochezacheza, halafu kipovu, halafu ikaisha. Kwenye kipimo daktari akanionyesha kwamba kingo zimekutana. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Mama mkubwa alikuwa barazani akichambua mchicha, maana alikuwa amegoma kuondoka kabla ya majibu.

Nikamtazama. Pua ilikuwepo. Lakini mashavu yalikuwa yamebonyea, mifupa ya shingo imetokeza, kitenge kimemzunguka mara mbili. Furaha yote ikaniishia.

"Mama, umekonda hivi tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja," akasema, mikono ikiendelea na mchicha. "Nilikuwa nasubiri uone mwenyewe."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake, nikaanza kumuuliza.